Shajara ya mradi: apu ya kikoba na ubishi wa muonekano

Jumatatu

Kwa mliofuata toka mwanzo, ile apu ya kutunza daftari la kikoba saivi inapiga hesabu vizuri tu, hisa zinajumlishwa, marejesho yanapunguza deni, faini na mfuko wa jamii vimetengwa kila kimoja na chake, na mtandao ukikata yenyewe inaendelea na kazi afu inatuma baadae. Kilichobaki ni sura. Mpaka leo imevaa vile vitufe vya kuzaliwa navyo Android, kijivu juu ya kijivu, kwasababu tulikubaliana hesabu kwanza urembo baadae, hela za watu hazina utani.

Sasa mwenzangu, yeye ndo wa kuchora muonekano kwenye programu ya Figma mimi ndo wa kuandika kodi, yaani maelekezo ya programu, kaniletea bodi imejaa picha na karibu zote ni staili ya kioo. Kadi zinapitisha mwanga, nyuma kuna mawingu ya zambarau na pinki, maandishi meupe membamba, salio la kikundi linaelea katikati. Nikamwambia aisee ni kali, na ni kali kweli sibishi. Swali langu likawa moja tu, hii itasomeka kikaoni? Kikao chetu kinakaa uani huku Mbagala saa tisa alasiri, jua la saa hizo mnalijua. Akanijibu flati, yaani ile staili bapa isiyo na mng'ao wala urembo, imeshapitwa, dunia nzima iko kwenye kioo, hata Apple wameenda huko, we bado unaishi 2014. Tumebishana weee mpaka tukafika hapa: kila staili tunaiweka kwenye simu ya mama mweka hazina, ikisomeka na ikabonyezeka inabaki, ikigoma inatoka, hakuna kupendeleana.

Simu yenyewe ni Tecno ya siku nyingi kidogo, Android 10, RAM 2GB, skrini LCD, protekta imepasuka kona ya juu na hana mpango wa kuibadilisha. Huyo ndo hakimu.

Jumanne usiku

Sio kwamba nina mapenzi na historia ila nilitaka kujua hizi staili kila moja ilikuja kutibu nini, maana mtu akikwambia kitu "kimepitwa" ni vizuri ujue kilikua kinafanya kazi gani kabla hakijapitwa.

iPhone ilipotoka 2007 watu wengi hawajazoea kugusa skrini kwa kidole, kwahiyo Apple wakavichora vitu vifanane na vya kweli. Apu ya kuandika ikawa na kurasa za njano zenye mistari, vitabu vikakaa kwenye rafu ya mbao, michezo ikawekwa kwenye kitambaa cha kijani cha meza ya kamari, baadae kalenda ya iPad ikashonewa mpaka ngozi na uzi wake. Hiyo ndo wanaita skyumofizimu. Tunaicheka leo ila ilikua inamwambia mtu hiki ni kitufe kimenyanyuka, kibonyeze.

Wakubwa wa kwanza kwenye simu kutupa huo urembo walikua Microsoft, sio Apple. Windows Phone 7 ya 2010 ilikuja na Metro, vibao vya rangi moja, maandishi makubwa, hakuna kivuli hakuna mng'ao, na wazo walilichukua kwenye zile alama za vituo vya treni na viwanja vya ndege ambazo mtu anazisoma huku anatembea. Simu zile zilikufa sokoni, wazo likabaki. Oktoba 2012 Apple wakatangaza Scott Forstall, bosi wa programu za iPhone, anaondoka, upande wa muonekano akapewa Jony Ive aliyekua anabuni vifaa vyao, na 2013 ikatoka iOS 7, mfumo wa iPhone, ngozi na mbao vyote nje, kila kitu bapa. Mwaka uliofuata Google wakaleta Material Design, Matías Duarte ndo alikua kichwa chake, wao wakasema sawa bapa lakini tufikirie karatasi, kila karatasi ina kimo chake na kivuli kinakuonyesha ipi iko juu ya ipi. Mimi hii ya karatasi mpaka leo naona ndo wazo lenye akili kuliko yote yaliyotokea hapo katikati, mwenzangu anasema nasema hivyo kwasababu nilijifunzia Android.

Flati yenyewe ina ugonjwa wake na umeshapimwa. Nielsen Norman Group, kampuni ya kutafiti watu wanavyotumia tovuti na apu, mwaka 2017 walichukua watu 71, kurasa tisa za tovuti kila moja ikiwa na matoleo mawili, moja dalili za kubonyeza zinaonekana vizuri na nyingine zimefifishwa, wakafuatilia macho. Kwenye zilizofifishwa watu walitumia muda 22% zaidi. Walikua wanatafutatafuta tu wapi pa kubonyeza. Nimemtumia mwenzangu, kajibu na emoji ya kulala.

Alhamisi

Leo zamu ya kioo, na nimekipa haki yake yote.

Staili hii inasimama kwa vitu viwili, kadi inayopitisha rangi ya nyuma na ukungu unaolainisha kilicho nyuma ili maandishi ya mbele yasomeke. Ukungu ndo roho yake. Sasa kwenye Jetpack Compose, zana ya Google ninayochorea skrini za apu, ile amri ya ukungu inafanya kazi kuanzia Android 12 kwenda juu, chini ya hapo inapuuzwa kimya kimya, haikupi kosa, haiangushi apu, haifanyi chochote. Kwahiyo kwenye simu ya mama mweka hazina kilichotokea ni kadi inayopitisha bila ukungu, majina ya wanachama yanaonekana yamepandiana na picha ya nyuma, zambarau imepita katikati ya jina na pinki imekula tarakimu za mwisho za salio. Kwenye simu ya mwenzangu ambayo ni Android 14 ilikua inavutia balaa. Kodi ileile.

Tukajaribu njia ya kati. Ukungu ukapikwa kabla, yaani picha ya nyuma tayari imeshalainishwa kwenye Figma inaingia kama picha ya kawaida, simu haina kazi ya kukokotoa. Hii ilikubali na haikuwa nzito. Ila ukiskroli orodha ikapita chini ya kadi, orodha haina ukungu, tatizo lilelile linarudi kwa mlango wa nyuma. Nikaandika nikokotoe ukungu mwenyewe, skroli ikaanza kukwamakwama, na hapo sishangai, skrini ya 60Hz inajichora upya mara 60 kwa sekunde, inakupa kama milisekunde 16 tu kwa kila mchoro na simu yenyewe inagawana RAM na WhatsApp yenye magrupu yote ya ukoo.

Afu kuna hesabu ya mwonekano wa maandishi. Ile miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti na apu zisomeke na kila mtu, inataka maandishi ya kawaida yapishane mwangaza na nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, maandishi makubwa na alama za vitufe 3 kwa 1. Kwenye kioo huwezi kutaja namba moja, kwasababu kilicho nyuma kinabadilika kila ukisukuma kidole. Maandishi meupe juu ya zambarau iliyokolea yanapita, sekunde moja baadae yako juu ya pinki hafifu hayapiti.

Nikamkumbusha mwenzangu kwamba hata hao Apple anaowataja wamekutana nalo. Liquid Glass, staili yao ya kioo, waliitangaza tarehe 9 Juni 2025, matoleo ya majaribio tu watu wakaanza kulalamika hawasomi, wakaongeza ukungu, na kwenye iOS 26.1 wakaweka kabisa sehemu ya mtumiaji kuchagua kioo angavu au kilichotiwa rangi. Na hao wana chipu zao wenyewe na skrini za OLED kali. Isitoshe kioo chenyewe sio kigeni, Windows Vista ilikua nacho 2007 na kompyuta za watu zilikua zinapumua kwa shida hivyohivyo.

Hajakubali. Kasema tusubiri Jumamosi. Poa.

Ijumaa

Nyumofizimu. Fupi tu hii.

Ni ile ya vitu vimevimba toka kwenye ukuta, kila kitu rangi moja ya kijivu laini, kitufe unakitambua kwa mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili. Ilishika moto mwisho wa 2019 baada ya Alexander Plyuto kuweka picha zake Dribbble, tovuti ya wabunifu kuonyeshana kazi. Nimechukua zile rangi zinazotumika sana, kwa namba zake za kompyuta, nyuma #E0E5EC, mwanga mweupe, kivuli #A3B1C6, nikapiga hesabu. Mweupe juu ya hiyo kijivu ni 1.27 kwa 1, kivuli ni 1.7 kwa 1. Kinachotakiwa ni 3. Yaani kingo zote mbili za kitufe hazifiki hata karibu, na kitufe hakina kingine cha kujitambulisha nacho. Haijawekwa hata kwenye simu. Mwenzangu nae hakuitetea.

Jumamosi, baada ya kikao

Nimerudi nimechoka ila naandika nikiwa bado nakumbuka.

Tumeenda na sura tatu kwenye simu ya mama mweka hazina: kioo chenye ukungu uliopikwa, Material ya kawaida yenye rangi ya kijani iliyoiva, na ya tatu ni neobrutalizimu ambayo mwenzangu aliichora usiku wa kuamkia leo bila kuniambia, nadhani alitaka kunikomesha. Hii ni ile yenye mistari minene myeusi kuzunguka kila kitu, rangi zinapiga kelele, kivuli kigumu kisicho na ukungu kimesogezwa pembeni. Gumroad, tovuti ya kuuzia kazi za kidijitali, waliivaa 2021 ikasambaa kwenye tovuti nyingi.

Nikasalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, haya nipe hiyo simu yangu nione mmeiharibu vipi. Kazi niliyompa ni ndogo: mwanachama kaja na hisa tatu na marejesho, ziingize.

Kwenye kioo aliinua simu juu, akaishusha, akaigeuza, akasogea chini ya mwembe kutafuta kivuli, afu akaniuliza "mwanangu hapa nabonyeza wapi?" Mwenzangu akanyoosha kidole kumwonyesha, mama akamwambia "sasa we utakua unakuja kila Jumamosi kunionyesha?" Watu wakacheka, jamaa akaangalia chini. Sitaki kusema zaidi, ni rafiki yangu.

Material ilienda vizuri. Kitufe cha kuongeza hisa alikipata, jina la mwanachama alilisoma, alikwama sehemu moja, vile vitufe vyenye maandishi peke yake bila umbo nyuma, Ghairi na Rudi na Angalia vyote, vile hakuviona kama ni vya kubonyeza, aliviona ni maelezo.

Ya tatu ndo imenishangaza mimi na aliyeichora. Hakuuliza kitu. Alibonyeza, akabonyeza, akamaliza, akasema "hii imekolea". Katibu akaisoma akiwa upande wa pili wa meza. Nilivyorudi nyumbani nikapiga hesabu ya ile njano, #FFD600 na maandishi meusi, inatoka karibu 15 kwa 1. Jua lile linakula sehemu kubwa ya tofauti ya rangi kabla haijakufikia jichoni, sasa ukianza na 15 ukakatwa bado unabaki na kitu, ukianza na 4.5 unabaki na vumbi.

Mama mmoja mwanachama akasema mbona kadi yenu iko kama khanga. Na ni kweli, mstari mnene ndo pindo, katikati mji, chini maandishi yake. Mwenzangu hakua ameifikiria hiyo, sasaivi anatembea kifua mbele utadhani ndo lilikua lengo toka mwanzo.

Jambo lingine la kikaoni, hili ndo kubwa. Wakati tunahangaika na simu, mama mweka hazina alikua na vitabu vya wanachama pembeni, vile vidogo vya kugonga mihuri. Kwa asiyejua: vikundi vya namna hii shirika la CARE walivianzisha Niger 1991, vikaenea nchi nyingi za Afrika, na kwenye mfumo wetu wa hisa mwanachama ananunua hisa moja mpaka tano kwa kikao, na kila hisa ni mhuri mmoja kwenye kitabu chake. Kuna bibi pale hasomi, lakini kitabu chake anakijua kuliko sisi, anahesabu mihuri kwa kidole, sehemu iliyobaki wazi anajua hakununua. Alivyoonyeshwa apu imeandika "Hisa: 3" akauliza, mihuri yangu iko wapi?

Jumapili

Sijalala vizuri kwa ajili ya ile mihuri.

Kwahiyo baada ya kucheka mbao na ngozi za Apple wiki nzima leo nimekaa nachora mhuri. Visanduku vitano kwa kila kikao, vilivyonunuliwa vina mhuri wa bluu umeinama kidogo, vilivyobaki viko wazi vina mstari. Ukigusa kisanduku mhuri unashuka na simu inatetemeka kidogo. Namba ipo pembeni kwa anayetaka namba. Tofauti yangu na ile rafu ya mbao naiona hivi: rafu ilikua urembo, vitabu vingekaa popote na maana isingebadilika, lakini mhuri ndo rekodi yenyewe, mtu anaisoma. Ukiuondoa unamnyima bibi njia yake ya kukagua hela zake na unamwambia amwamini mwenye simu.

Kwa wazo hilohilo nimegusa na sehemu ya kuidhinisha mkopo. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, sasa kwenye apu mkopo ukiombwa zinatokea kufuli tatu, kila mwenye ufunguo akiweka namba yake ya siri moja inafunguka. Nilianza na vitiki vitatu vya kawaida vya Material. Kufuli imeeleweka bila mtu kuelezwa.

Ila sijachora ngozi wala karatasi ya zamani, tulieni. Kadi ni ya neobrutalizimu, mhuri umekaa ndani yake. Mchanganyiko ambao kwenye vitabu vya dizaini haukai pamoja, kwenye simu umekaa.

Jumatano

Rangi. Google toka Android 12 mwaka 2021 wana Material You, apu inachukua rangi kwenye wolpepa ya mwenye simu. Mwenzangu aliiwasha kwenye simu yake kujaribu, wolpepa ni machweo, apu nzima ikawa chungwa na wekundu, na kwetu wekundu ni deni lililochelewa. Kufungua tu ilionekana kikundi kizima hakijalipa. Tumeizima. Rangi za apu ya kitabu cha mikopo hazitegemei picha ya mjukuu wa mtu. Na hata hizo zetu haziachwi peke yake, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwahiyo deni lililochelewa lina nyekundu na neno Limechelewa na pembe imekatwa.

Giza je, yaani apu kuwa na nyuma nyeusi. Wote wanaomba giza siku hizi, iOS 13 na Android 10 zote zililiweka kwenye mfumo mwaka 2019 na watu wamezoea. Sababu wanayotoa ni chaji. Kwenye OLED ina ukweli kwasababu pikseli nyeusi inazimika, ila chuo kikuu cha Purdue cha Marekani walipima 2021 wakakuta mtu mwenye mwanga wa 30% mpaka 50% anaokoa wastani wa 3% mpaka 9% tu, faida kubwa ya 39% mpaka 47% inakuja mwanga ukiwa 100%. Na kwenye LCD taa ya nyuma inawaka muda wote iwe nyeusi iwe nyeupe, kwahiyo kwenye simu za wanachama wetu wengi hakuna kinachookolewa. Juani giza ni baya zaidi, unajiona sura yako. Lakini katibu anajumlisha vitabu usiku na kaniambia ile nyeupe inamchoma macho, hiyo ni sababu inayotosha, basi inafuata mpangilio wa simu na tumemwachia. Kwenye giza njano nimeipoza, na mistari minene imekua kijivu hafifu maana nyeusi juu ya nyeusi ingepotea.

Kijivu cha maelezo madogo nacho kimepandishwa. #9E9E9E juu ya nyeupe ni 2.7 tu, #757575 ni 4.6, kwa jicho la Figma tofauti ni ndogo, nje tofauti ni kusoma na kutosoma.

Ijumaa

Vitufe. Android wanasema eneo la kugusa lisipungue 48dp, Apple 44pt (dp na pt ni vipimo vya skrini), sisi vya kuingiza hela tumevipa 64 kwasababu mikono mingi ya pale imetoka kukaanga samaki au kufua na kidole chenye mafuta hakilengi. Kitufe cha Hifadhi kimeshushwa chini kabisa, upana wote wa skrini, juu ya kibodi. Hapa niliangalia Material 3 Expressive, toleo la Material la Google la Mei 2025, walisema wamefanya tafiti 46 na washiriki zaidi ya 18,000, na mfano wao mmoja ni kitufe cha kutuma barua pepe, wakakikuza, wakakipa rangi yake, wakakisogeza chini juu ya kibodi, watu wakakiona mpaka mara nne haraka zaidi. Maumbo yao mengine ya kucheza na maua sijayachukua. Na vile vitufe vya maandishi matupu vilivyomkwamisha mama, vyote vimepewa mstari mnene kuzunguka, hakuna tena neno linalobonyezeka bila kingo.

Kuna bagi, yaani hitilafu, moja bado, mtu akikuza maandishi ya simu mpaka mwisho, na mama mwenyekiti ndo kaweka hivyo, "Mfuko wa jamii" inakatika ikawa "Mfuko wa ja". Kadi inatakiwa irefuke chini badala ya kukata. Naishughulikia leo usiku.

Na mwenzangu kapata kioo chake. Ile skrini ya mwisho wa mzunguko, siku ya kuvunja, inayoonyesha kila mtu mgao wake, kwa simu za Android 12 kwenda juu ina kadi ya kioo na ukungu wa kweli, chini ya hapo inatoka kadi ya njano ya kawaida. Nimekubali kwasababu inafunguliwa mara moja kwa mwaka, haina kitufe hata kimoja, na siku hiyo hata maandishi yakiwa hafifu watu watayatafuta tu. Nimeweka maandishi meusi mazito, yeye alitaka meupe, hapo hatujamalizana.

Toleo la majaribio linaingia kwenye simu za viongozi Jumamosi hii, vitabu vya mihuri vinaendelea kugongwa sambamba mpaka mzunguko uishe.